Filamu Isiyoona Nyekundu

Kupitia kwa Bwana Joginder Singh, Dukani, Sondu
4 Machi 1951

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Mimi sijambo. Natumaini kifua chako hakikusumbui sana, na kwamba umepata mtu wa kukuchotea maji ya studio. Mama nasikia yuko salama Kimilili na mtama wake.

Siandiki kuomba kitu. Humu ndani utakuta filamu moja, picha nane. Enos, yule niliyeondoka naye, alininunulia kamera ya boksi kutoka kwa mzungu mmoja wa kupima barabara aliyekuwa akirudi kwao. Miaka minne nilikaa kwako nikisafisha na kuchapisha picha za watu, lakini kamera yenyewe hukunipa niishike hata siku moja. Kwa hiyo mimi ni mtu anayejua kupika na hajui kulima.

Filamu ya kwanza niliisafisha mwenyewe kwa mabakuli ya uji. Kila mtu ana mashimo mawili meusi mahali pa macho. Hii ya pili naomba unisafishie wewe, kama mteja mwingine yeyote, na uniambie ninakosea wapi.

Tunakaa huku chini Nyakach, karibu na ziwa. Barua zinakuja kwa Bwana Joginder kwa sababu Enos ndiye karani wake wa mizani.

Binti yako,
Nakhungu


Waliaula Studio, Kisumu
29 Machi 1951

Kwa Nakhungu,

Barua imefika. Mimi mzima. Kifua ni kile kile.

Uliondoka tarehe kumi na tano Februari mwaka jana, bila kuaga, nyuma ya baiskeli ya mtu. Barua yako umeiandika tarehe nne Machi. Hizo ni siku mia tatu themanini na mbili. Siku ile uliacha picha ishirini na tatu za harusi ya Nalini, binti wa Bwana Hemant, zikielea kwenye beseni. Niliporudi kutoka Mamboleo zilikuwa zimevimba, sura ya bibi harusi inabanduka kama ganda la kitunguu. Nilichapisha upya zote ishirini na tatu. Sikupata mtu wa kumwambia, kwa hiyo nakuambia wewe.

Sasa kazi. Katika picha zako nane, sita umepiga saa sita mchana. Usibishe. Huyo bwana amesimama na kivuli chake chote kiko chini ya viatu. Jua likiwa utosini, paji la uso linayawekea macho paa. Piga kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi. Ikibidi mchana, mweke mtu chini ya ukingo wa nyumba, uso ukitazama nje penye anga wazi. Hapo mwanga ni mdogo, kwa hiyo kamera ikae juu ya kiti. Vuta kile kichuma cha pembeni mwanga uingie, hesabu moja, rudisha. Asipumue.

Umekaa karibu mno, ndiyo maana sura zina ukungu. Boksi hilo linataka futi nane. Hatua yako ni futi mbili na inchi tatu, niliwahi kuipima ulipokuwa ukinibebea maji. Hatua tatu na nusu zitakutosha.

Waliaula, mpiga picha


Sondu
13 Mei 1951

Baba mpendwa,

Habari za siku nyingi? Sisi huku hatujambo, mvua imenyesha vizuri na njia ya kwenda Sondu imekuwa uji.

Picha za filamu ya tatu zimefika. Hukutia barua, ila zile namba ulizoandika nyuma kwa penseli, saa na futi. Nimezisoma kama barua. Macho sasa yanaonekana.

Lakini nimepata kesi. Mama mkwe wangu, Mama Dorca, alishona gauni jekundu la Pasaka. Nikamweka chini ya ukingo wa nyumba kama ulivyosema, nikahesabu moja, hakupumua. Picha imekuja, na yeye ni mweusi kutoka shingoni hadi miguuni. Aliitazama, akaiweka mezani, akauliza, "Nani amekufa?"

Mzee wake alikuwa amekaa pale pale, anakula. Mama Dorca akaniambia, "Nyar Bukusu, unanivalisha matanga na mume wangu bado anatafuna?" Hivyo ndivyo wanavyoniita hapa, binti wa Wabukusu. Mzee mwenyewe akacheka, akamwambia, "Afadhali. Angalau kwenye picha utanililia." Hilo halikunisaidia. Leo ni siku ya tano, mama ananisalimia kwa kidevu.

Na jambo la pili. Enos si mtu mweusi sana, unamjua, lakini kwenye picha uso wake ni makaa. Wangu pia. Picha zako wewe watu wanafanana na nafsi zao. Ni dawa gani unayotia ambayo hukunionyesha?

Binti yako,
Nakhungu


Waliaula Studio, Kisumu
24 Mei 1951

Mwanangu,

Salamu. Kifua kimepungua kidogo. Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, na fundi viatu wa jirani akaniuliza nacheka nini.

Hakuna dawa niliyokuficha. Ila swali hilo mimi nililibeba miaka sita. Unajua nilianza kwenye studio ya Bwana Yashwant nikifagia, halafu nikiogesha mikono kwenye dawa zake mpaka kucha zikawa kahawia. Kila picha ya Mwafrika ilitoka masizi, na picha za watu wao zinatoka vizuri. Siku moja nikamwuliza. Hakunitukana. Alisema kwa upole kabisa, "Waliaula, nyuso zenu ndivyo zilivyo." Nikamwamini. Kusema kwake hakuniumi. Linaloniuma ni kwamba nilimwamini, miaka sita, na kioo kipo nyumbani.

Sasa sikia. Kumbuka chumba cha giza. Kwa nini tulikuwa tunawasha taa nyekundu humo na filamu haiharibiki? Umekaa chini ya taa hiyo miaka minne. Ni kwa sababu filamu ile haioni nyekundu. Kwake nyekundu ni giza. Na kitu isichokiona, inakiandika cheusi. Basi gauni la mama huyo limeandikwa jeusi. Na ngozi yetu, hebu iangalie mkononi mwako saa kumi na moja jioni, ndani yake kuna wekundu kama udongo wa Kimilili. Wekundu huo filamu inauruka. Inachukua nusu ya mtu.

Mimi hilo sikufundishwa. Nililiona siku nilipopiga maua mekundu ya mteja wetu, Mama Kanta, na yakatoka kama yameungua. Nilikaa juu ya ndoo. Mchana huo huo nikamuaga Bwana Yashwant.

Nakutumia filamu mbili za aina nyingine, zinazoona rangi zote, zile ninazopigia watu wetu na kuzisafisha mwenyewe gizani. Ni ghali, usipige mbuzi. Hizi hazivumilii hata taa nyekundu, kwa hiyo usizijaribu kwa mabakuli yako ya uji. Zilete kwangu.

Mpige mama huyo tena na gauni lile lile. Mwambie kosa la matanga ni la kiwanda.

Baba yako


Sondu
22 Julai 1951

Baba mpendwa,

U hali gani? Natumaini baridi ya asubuhi haikukamati kifua. Sisi tuko.

Filamu ndiyo hii. Picha mbili ni za Mama Dorca na gauni lake, alikubali baada ya mimi kumsomea barua yako mara tatu na mzee kuapa kwamba hana mpango wa kufa. Picha tatu ni za Enos kando ya maji. Nilimsimamisha mahali pale pale pa filamu ya Machi, umbali ule ule, ili ulinganishe filamu na filamu kama ulivyonizoesha kulinganisha karatasi. Zilizobaki ni watu wa hapa.

Sina mengi. Siku hizi nachoka upesi, ni joto tu.

Binti yako,
Nakhungu


Waliaula Studio, Kisumu
6 Agosti 1951

Mwanangu,

Nimepokea, na mimi mzima.

Filamu yako niliisafishia kwenye giza tupu, dawa nikiwa nimeipoza ndani ya mtungi. Nilihesabu mpaka mia nne na themanini bila kuona hata kidole changu. Nilipowasha taa nikaona gauni lina rangi yake ya katikati, na mama huyo ana mashavu. Picha hizo nimezichapisha mbili mbili. Huyo bwana naye ana uso, lazima niseme. Anaonekana kama mtu anayelala mapema.

Umeniambia nilinganishe. Nimelinganisha.

Mwezi wa tatu, ule mstari wa maji nyuma yake unamkata kwenye mkanda wa suruali. Mwezi wa saba, mahali pale pale, viatu vile vile, mstari unamkata kwenye mfuko wa shati. Huyo bwana hajafupika na ziwa halijapanda. Mstari wa maji siku zote unakaa kwenye urefu wa kamera. Nimechukua rula. Kamera yako imepanda inchi tisa.

Boksi lile mtu hulishika kwenye kitovu, analitazama kwa juu. Hakuna anayelipandisha kifuani, pale halionekani vizuri. Analipandisha yule tu ambaye pale chini hakuna tena nafasi.

Na umeandika kwamba ni joto. Mimi niko Kisumu, Nakhungu. Mwezi wa saba hakukuwa na joto.

Sijakasirika. Niambie mtoto anatazamiwa mwezi gani. Na kuanzia leo kamera ikae juu ya kiti, usinyanyue vitu.

Baba yako


Waliaula Studio, Kisumu
30 Septemba 1951

Nakhungu mwanangu,

Salamu. Ni siku hamsini na tano tangu niandike. Nimekwenda kituo cha basi la Sondu mara nne kuuliza kama kuna barua iliyosahauliwa chini ya kiti. Utingo ameanza kuniita shemeji.

Kama hesabu yangu ilikosea, niambie tu, Mzee umekosea. Nimewahi kukosea. Kama haikukosea na umeona haya, haya ya nini? Mama yako nilimwandikia, akanijibu kwa mstari mmoja kwamba yeye alijua tangu Juni, kwa ndoto, bila rula.

Sikuulizi mengine. Andika neno moja kwamba uko hai.

Baba yako


Sondu
21 Oktoba 1951

Baba mpendwa,

Niko hai, na tuko wawili. Msichana alizaliwa tarehe tisa, asubuhi, mzima kabisa. Tumembatiza Seline. Mama Dorca hakuniacha hata saa moja, na maji ya moto hakumruhusu mtu mwingine ayabebe. Nisamehe kwa kukaa kimya. Nikueleze ilivyokuwa.

Barua yako ya Agosti nilimpa Enos aisome. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaenda kufuta baiskeli ambayo ilikuwa safi. Baadaye akaniambia, "Mtu anayeona tumbo kwa kutazama maji, mimi akinitazama ataona nini?" Anakuogopa, Baba. Si mtu mbaya. Magunia mia kwa siku anapima na hajawahi kumpunja mtu, lakini ukitajwa wewe anapotelea nje. Kila Jumapili alisema Jumapili ijayo atachukua wazee waje Kisumu kujitambulisha. Mimi nikasubiri niandike nikiwa na tarehe. Tarehe haikupatikana, na kadiri siku zilivyopita ndivyo nilivyozidi kushindwa kuandika.

Sasa Mama Dorca amesema mtoto apigwe picha na mpiga picha wa kweli, na kwamba hamtaki mwingine ila yule aliyemwondolea matanga. Nilimweleza kwamba haiwezekani, kwetu baba wa msichana hatangulii kufika kwa wakwe. Akasema hata kwao ni hivyo, lakini mtoto anakua kila siku.

Nakuuliza tu. Ukikataa nitaelewa.

Binti yako,
Nakhungu


Waliaula Studio, Kisumu
27 Oktoba 1951

Mwanangu,

Mungu asifiwe. Nilifunga studio nusu siku, jambo ambalo sijafanya tangu vita viishe.

Umesema kweli, baba wa msichana hatangulii. Aliyechukua ndiye anayepiga hodi. Nikija kama baba yako kabla yake, nitakuwa nimekushusha wewe, na watoto wako watachekwa. Hilo silifanyi.

Lakini mpiga picha huenda anakoitwa. Kwa hiyo Mama Dorca aandike oda kwa studio, kwa jina lake, atie kidole au sahihi. Nitakuja Jumamosi tarehe kumi Novemba, saa mbili na nusu asubuhi. Kamera nitaisimamisha barabarani, nje ya ua. Ninyi mtatoka. Mimi sitaingia, sitakaa, sitakula, na hata maji msiniletee, maana nitashindwa kuyakataa mbele ya watu.

Mtoto asivae nyeupe. Nyeupe itakula uso wake. Bluu au kijivu. Wewe simama katikati, ubavu kwa jua. Huyo bwana asimame kushoto kwako. Simwombi aseme kitu. Mbele ya kamera hakuna anayesema.

Baba yako


Waliaula Studio, Kisumu
15 Novemba 1951

Mwanangu,

Natumaini mtoto analala na wewe unakula. Mimi nilifika salama, vumbi tu.

Nina habari mbaya na nitaisema moja kwa moja. Picha zimeharibika. Nilipiga sita, na zote sita ni tupu. Sikuondoa kifuniko cha lenzi. Nakutumia negativu moja uthibitishe. Ishike dirishani, utaona ni kama kioo cha dirisha. Miaka ishirini na moja ya kazi.

Hata hivyo nilimwona. Nikiwa ndani ya kitambaa cheusi nilimwona kichwa chini, kama kamera inavyoonyesha watu wote, na hata kichwa chini ni mzuri. Masikio ni ya mama yako.

Sheria ya studio hii ni moja na haina upendeleo. Picha ikiharibika kwa kosa la fundi, mteja anapigwa tena bure, ndani ya studio, na wote waliokuwemo kwenye picha lazima wawemo. Wote. Pamoja na yule wa kushoto. Kama ana wazee wanaopenda kumsindikiza, viti vipo.

Napendekeza Jumamosi tarehe ishirini na nne. Dirisha la kaskazini lina mwanga mzuri mpaka saa tano. Mama yako atakuwepo Kisumu siku hiyo kwa shughuli zake nyingine.

Baba yako


Sondu
19 Novemba 1951

Baba mpendwa,

Salamu kutoka kwetu sote. Seline ameongezeka, Enos anampima kila Jumamosi kwenye mizani ya Bwana Joginder kama kifurushi cha sukari.

Barua imefika na negativu ndani. Nimeishika dirishani. Kweli ni tupu. Mama Dorca ameitazama, mzee ameitazama, na Enos ameitazama pande zote mbili. Kisha akasema, "Masikini mzee wa watu. Kumbe ameshazeeka. Sisi wote tumevaa viatu tangu saa moja, na hakuwa amefungua."

Tangu siku hiyo hasemi lingine. Anasema haifai mzee abaki na aibu ya namna hiyo peke yake, lazima aende amshike mkono amwambie ni jambo linalompata mtu yeyote. Jana alikwenda mwenyewe, bila kusukumwa, akamwambia baba yake na mjomba wake. Wamekubali. Tutapanda basi la kwanza Jumamosi, watu sita na mtoto. Kukuogopa kumemwisha kabisa, Baba, sasa anakuonea huruma. Ananiuliza kama macho yako bado yanaona kusoma gazeti. Nimemwambia yanajitahidi.

Sijamwambia kitu kingine.

Ila mimi na wewe tuandikiane ukweli. Siku ile nilikuwa na mtoto mkononi, sikuwa na kazi nyingine ila kusimama na kuhesabu, na kuhesabu nilifundishwa na mtu ninayemjua. Barua yako inasema ulipiga sita. Kamera ililia mara saba.

Hiyo ya saba naomba niione mimi kwanza, kabla ya wageni kuketi.

Binti yako,
Nakhungu